Si Gongo, Si Mkono wa Mtu: Ni Mawe Kwenye Kongosho

Hapa kwetu Tabora kijana akikonda kama njiti huku kila mara kashika tumbo, majirani wanakuwa na jibu tayari. Huyu atasema ni gongo. Yule atasema jamaa kachezewa. Mimi si daktari, ila nimesoma na kuulizia, na leo namtetea kijana huyo.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho. Kazi yake ni kutoa insulini na maji ya kusaga chakula. Kweli, pombe huliharibu. Lakini ipo aina nyingine ya ugonjwa, ya nadra, inayoonekana nchi za joto, ambayo humpata hata mtoto asiyejua ladha ya pombe. Mawe yanajijenga ndani ya mfereji wa kongosho, maji yanakosa njia, maumivu yanachoma juu ya kitovu mpaka mgongoni. Baadaye kisukari nacho kinapiga hodi.

Si mambo ya mbali haya. Misafara ya zamani ikifika Tabora iligawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini, Karagwe hadi Buganda. Huko Uganda ndiko Dk. A. G. Shaper alikochunguza wagonjwa wa namna hii, akaandika habari zao mwaka 1964. Baadaye wataalamu wengine wakaushuku muhogo. Msitupe ugali jamani! Utafiti wa hapa Tanzania wa kina Dk. Swai na Profesa McLarty, uliotoka mwaka 1992, haukukuta kisukari kimezidi kwa walaji wa muhogo.

Je, dawa zikishindwa kutuliza maumivu? Kuna kisu. Mwaka 1960 Partington na Rochelle wa Marekani walieleza upasuaji wao: mfereji uliotanuka unapasuliwa kwa urefu, kama samaki wa kukausha, mawe yanatolewa, kisha unashonewa kwenye utumbo mwembamba ili maji yamwagikie humo. Wengi hupata nafuu ya maumivu. Ila tusidanganyane, kisukari hakiondoki. Mwenye kuchoma insulini ataendelea.

Mawe haya mara nyingi yanaonekana hata kwa eksirei ya kawaida. Basi mpeleke ndugu yako Kitete, na wakiona mambo mazito watampa rufaa, pengine Bugando kule Mwanza. Ila kwanza acha kumwita mlevi. Maumivu anayo tayari, matusi ya nini tena?