Wasomi na Wafanyakazi (3): Cheche ya Mlimani na Ibara ya 15

Juma lililopita tulimwacha Plato akiwakabidhi wanafalsafa utawala, na wahunzi na wakulima akiwaachia utii. Fikra hiyo haikufa naye. Mwaka 1902 Lenin alishikilia kwamba mfanyakazi akiachwa peke yake huishia kudai mshahara na mazingira bora ya kazi. Ufahamu wa kimapinduzi sharti aletewe na wenye elimu. Fikra hii imewafanya wasomi wengi wazungumze wao kwa wao, na ushahidi tunao hapa hapa Dar es Salaam.

Mwaka 1969, wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi pale Chuo Kikuu, Mlimani, walianzisha jarida wakaliita Cheche, kwa kufuata gazeti la Lenin, Iskra, lenye maana hiyo hiyo. Hoja zake zilikuwa nzito. Issa Shivji alichambua humo mapambano ya kitabaka nchini. Lakini Kiswahili kiliishia kwenye jina. Makala ziliandikwa kwa Kiingereza, na kuli wa bandarini, aliyekuwa akiandikwa humo, hakuwa miongoni mwa wasomaji. Novemba 1970 serikali ililifunga jarida pamoja na chama chenyewe. Viwandani kazi ziliendelea.

Februari 1971 chama tawala, TANU, kikatoa waraka wa Mwongozo, kwa Kiswahili. Ibara ya 15 ilimkataza kiongozi kiburi, dharau, ubadhirifu na uonevu. Mfanyakazi aliyezoea kutukanwa na meneja mbele ya wenzake alijiona humo. Migomo ikaenea, watu wakiitaja ibara kwa namba yake, na mara nyingi walichodai ni heshima, si nyongeza ya mshahara. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimtoa mwenye mali, wakaendesha uzalishaji wenyewe.

Kweli, Mwongozo nao uliandikwa na wakubwa. Ila wakubwa hao hawakutarajia usomwe hivyo, na baadaye wengi waliogoma walifukuzwa kazi, wengine wakarudishwa vijijini. NUTA, chama pekee cha wafanyakazi kilichoruhusiwa tangu 1964, kilikuwa na katibu mkuu aliyeteuliwa na Rais, hivyo hakikuwa huru kuwatetea. Hapo ndipo wasomi walipohitajika, kutetea waliofukuzwa na kuandika habari zao kwa lugha yao.

Ewe kijana wa chuo unayeandika tasnifu juu ya wafanyakazi, iandike upya kwa Kiswahili, uipeleke getini kiwandani, usubiri wakujibu.