Je, Wajua? Kazi ya Magadi Ndani ya Kioo

Magadi yanayolainisha maharage jikoni ni ndugu wa karibu wa magadi yanayoingia kwenye chupa ya soda, dirisha la basi na bilauri ya maji. Katika Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Gamba jeupe la ziwani huchomwa, likapakiwa kwenye treni na kushushwa pwani. Duniani kote, wanunuzi wakubwa wa magadi hayo ya kuchomwa ni viwanda vya vioo.

Kwa nini kiwanda cha vioo kihangaike na magadi wakati mchanga upo? Kwa sababu mchanga peke yake ni mkaidi. Mchanga mweupe ni silika: kila atomu ya silikoni imeshikamana na oksijeni nne, na kila oksijeni inashika silikoni mbili, hivyo kipande kizima ni wavu mmoja uliofungamana pande zote. Wavu huo hauachii mpaka moto ufike takriban nyuzi 1,700 za Selsiasi, na hata hapo uji wake ni mzito kiasi kwamba mapovu ya hewa hayapandi. Magadi yanapoingia, yanaleta sodiamu pamoja na oksijeni yake, na hiyo oksijeni inakata viungo vya wavu kimoja kimoja. Mahali palipokuwa na kiungo panabaki ncha mbili zilizoachana, na sodiamu imekaa kando yake. Sasa mchanganyiko unayeyuka kwa moto mdogo zaidi, unatiririka, unapulizika, unamiminika kwenye kalibu.

Lakini wavu uliokatwakatwa una udhaifu wake, na hapo ndipo historia yote ya kioo ilipo. Kioo cha mchanga na magadi tu huyeyuka kwenye maji ya moto. Viwandani huuzwa kikiwa kimiminika, na hutumika kama gundi ya maboksi. Dawa yake ni chokaa. Kalsiamu ina chaji mbili, hushika ncha zile kwa nguvu kuliko sodiamu, na maji hayaing'oi kirahisi. Ndiyo maana kioo cha dirisha kina silika kama asilimia 72, magadi kama 14, chokaa karibu 10, na vitu vingine vidogo. Chokaa ikipungua, madhara hujitokeza hata baada ya miezi. Katika miaka ya 1670 George Ravenscroft wa London alitengeneza vyombo maridadi ambavyo baadaye vilianza kufifia na kujaa nyufa ndogondogo. Aliitibu kasoro hiyo kwa kuongeza oksidi ya risasi kwenye mchanganyiko, na kwa risasi hiyo kioo kikawa kizito, rahisi kuchongwa, na chenye kupinda mwanga zaidi kiasi cha kumetameta.

Udhaifu wa pili unajulikana na yeyote aliyewahi kutumia taa ya chemli. Taa inawaka, kioo kimepata moto, tone la mvua linaanguka, kioo kinapasuka. Lawama si ya joto lenyewe. Pale tone lilipoangukia panasinyaa ghafla, huku sehemu ya jirani ikiwa bado imetanuka. Zinavutana, na kioo hakivumilii kuvutwa. Sodiamu imelegeza wavu, kwa hiyo kila atomu ina nafasi ya kutikisika na kusukuma mwenzake. Ukanda wa kioo cha dirisha wenye urefu wa mita 1 ukipashwa nyuzi 100 hurefuka kama milimita 0.9. Ukanda wa silika tupu hurefuka milimita 0.05 tu.

Mjerumani Otto Schott alitafuta njia ya katikati. Mwaka 1884, akiwa na Ernst Abbe na Carl Zeiss, alianzisha karakana ya vioo mjini Jena, akajaribu kwa utaratibu vitu ambavyo mafundi wa zamani hawakuvigusa. Boroni ndiyo iliyompa jibu. Oksidi ya boroni hushusha moto unaohitajika kama magadi yafanyavyo, ila yenyewe inaingia ndani ya wavu na kuujenga. Kwa hiyo magadi yanaweza kupunguzwa hadi asilimia 4 hivi, na ule ukanda wa mita 1 ukarefuka milimita 0.33 tu. Vioo vya taa za gesi vilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizokipa kiwanda cha Jena faida ya kwanza kubwa. Ng'ambo ya bahari, kampuni ya Corning ya Marekani ilitafuta kioo cha taa za reli kisichopasuka kwa mvua na theluji. Mwaka 1913 Bessie Littleton, mke wa mwanasayansi wa kampuni hiyo, alioka keki ndani ya kitako kilichokatwa cha mtungi wa betri wa kioo hicho, nacho kikastahimili joto la oveni. Mchanganyiko wa awali ulikuwa na risasi, ukatengenezwa mwingine usio nayo, na mwaka 1915 Pyrex ikaingia sokoni. Kioo cha jamii hiyo ndicho kinachotumika kwa vichupa vingi vya chanjo, kwa kuwa hakiachii sodiamu kirahisi ikachafua dawa.

Ningekosea kuiacha sodiamu ikionekana adui. Kioo cha simu nyingi za mkononi hutiwa alumini na sodiamu kwa makusudi, kisha huzamishwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, yenye nyuzi kama 400. Sodiamu za juu zinatoka, potasiamu zinachukua nafasi zao. Potasiamu ni kubwa zaidi, hivyo uso wa kioo unabanana kwa nguvu. Ufa hauwezi kukua mahali palipobanwa mpaka kitu kiushinde kwanza mbano huo, na simu iliyodondoka mara nyingi huokotwa nzima. Silika tupu, pamoja na ugumu wake wote, haiwezi kuimarishwa kwa njia hii, kwa sababu haina sodiamu ya kubadilishwa.