Kusoma Maandishi ya Misri ya Kale Darasani

Wanafunzi wengi hudhani kwamba maandishi ya Misri ya kale, yaitwayo hieroglifi, ni picha tupu: simba maana yake simba. Mazoezi mawili yaweza kuwaondolea dhana hiyo.

Kwanza, mwalimu achore ubaoni majina mawili ya kifalme, Ptolmis na Kleopatra, kila moja ndani ya duara refu kama desturi ya Wamisri. Wanafunzi watafute alama zinazofanana. Katika Ptolmis, mraba ni wa kwanza na simba ni wa nne. Katika Kleopatra, simba ni wa pili na mraba ni wa tano. Basi mraba ni P, na simba ni L! Ulinganishaji wa namna hii ulimsaidia Mfaransa Jean-François Champollion kuzisoma alama hizo mwaka 1822.

Pili, wanafunzi waandike majina yao bila irabu, kwani Wamisri kwa kawaida hawakuziandika, isipokuwa katika majina ya kigeni kama hayo mawili. Salma, Salima na Salum wote watapata S-L-M. Mwandishi wa Misri alipunguza utata huo kwa kuongeza mwishoni picha ya mwanamume au mwanamke aliyeketi. Picha hiyo haitamkwi. Huonyesha maana tu. Kwa njia hiyo Salum atatambulikana, ingawa Salma na Salima wangali wakichanganywa.

Hapo darasa litakuwa limejionea lenyewe kwamba hieroglifi ziliandika sauti na maana kwa pamoja.