Nyigu Katika Paa la Choo

  Leo tuzungumze juu ya nyigu.

Mvua zikianza, nyigu hujenga viota chini ya mabati, ndani ya stoo na juu ya mlango wa choo. Mtoto anakimbia chooni, anausukuma mlango kwa nguvu, na nyigu wanamvamia usoni. Kumbuka, nyuki huuma mara moja na kuuacha mwiba wake, lakini nyigu mmoja anaweza kuuma mara nyingi.

Je, tufanye nini? Kagua nyumba kila wiki. Kiota kidogo kama kifuniko cha soda huwa na nyigu wachache tu. Usingoje kikue.

Kiondoe alfajiri au giza likiingia, wakati wa baridi, kwa maana nyigu hawaruki sana. Waweke watoto ndani. Vaa nguo za mikono mirefu na ujifunge shuka kichwani. Usisimame chini ya kiota. Kirushie maji yenye sabuni nyingi. Sabuni huziba matundu ambayo nyigu hupumulia. Wakishakufa, kiangushe kwa mti mrefu, kisha ukizike.

Usitumie moto wala mafuta ya taa. Wengine wameunguza nyumba kwa sababu ya nyigu! Kiota kikiwa kikubwa, mtafute mtu mwenye uzoefu. Kama ni nyuki, mwite mfugaji nyuki. Na kiota kilicho mbali shambani, kiache. Nyigu hula viwavi wanaoharibu mboga zako.

Mtoto akiumwa, mwondoe hapo haraka. Mvue shanga na bangili kabla mkono haujavimba. Osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa chenye maji baridi. Usipake kinyesi cha ng'ombe wala mafuta ya taa.

Lakini mama, sikiliza sana hapa. Mtoto akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akitapika, akitokwa na vipele mwili mzima au akizimia, usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali mara moja, hata kwa pikipiki. Fanya vivyo hivyo akiumwa ndani ya mdomo au mara nyingi mwilini.

Kesho asubuhi, kabla mtoto hajaenda chooni, inua macho uangalie paa. Kwaherini.