Duka la Vyombo vya Muziki Mpakani Linahitaji Sauti Moja

TUNDUMA: Mfanyabiashara anayetaka kuwauzia wanamuziki katika mji huu wa mpakani, mkoani Songwe, hana budi kuyatazama maandishi yake kabla hajaongeza shehena. Maandishi hayo ni bango la mlangoni, tangazo la redio, karatasi ya bei na karatasi ya dhamana. Mara nyingi bango hupiga kelele, karatasi ya bei hujaa namba za kiwandani, na dhamana huwa na maneno ya kisheria ambayo muuzaji mwenyewe hawezi kuyafafanua. Mteja akivisoma vyote anaweza kudhani ametembelea maduka matatu.

Watu wa masoko hulizungumzia jambo hili kama sauti ya chapa, yaani namna moja ya kusema ambayo mteja huitambua hata kabla hajaona jina la duka. Kwa wanamuziki wa Tanzania jambo hilo ni la siku nyingi. Bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na jumuiya ilipobadilika bendi nayo ikawa JUWATA, kisha OTTU. Mtindo wake wa Msondo haukubadilika, na hatimaye neno hilo ndilo lililokuwa jina la bendi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ina Sikinde yake, na Western Jazz ilikuwa na Saboso. Mpenzi wa dansi alisikia gitaa la solo likiingia akajua ni nani anayepiga. Mwenye duka anatafuta kitu cha namna hiyo kwenye karatasi, na anamtafutia mteja mwenye sikio la kukipima.

Mteja huyo ni nani? Kwa ukanda huu, kwaya haziwezi kuachwa nyuma. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891 na kazi yao ikaenea hadi Mbozi, na uimbaji wa kwaya pamoja na matarumbeta vikaenda nao. Kwaya hununua kwa fedha za michango. Anayekuja dukani ni mweka hazina akiwa na mwalimu wa kwaya: mmoja anasoma bei, mwingine anasikiliza. Amplifaya ikiungua Jumapili ya Pasaka, hasara ni ya watu arobaini waliochanga, na kila mmoja wao atalitaja duka hilo kwa jirani yake. Bendi za kumbini na vijana wa studio wanakasirika upesi zaidi, lakini hawana kumbukumbu ndefu kama ya kwaya.

Kazi ya kwanza ni kuchagua maneno. Chukua "kipaza sauti". Kwa baadhi ya watu ni kile anachoshika mwimbaji, kwa wengine ni sanduku linalotoa mlio. Tangazo lenye neno hilo peke yake litamleta dukani mtu aliyehitaji kitu kingine. Wanamuziki wamekwisha kulimaliza tatizo hilo kwa kusema maiki na spika, na duka lifanye hivyo kila mahali, hadi kwenye stakabadhi. Vivyo hivyo kwa magitaa: solo, rithimu na besi. Kuandika "gitaa la kisasa" hakumsaidii mpiga besi, ambaye anataka kujua nyuzi ni nne au tano.

Baada ya maneno ni namba, na hapa ndipo sauti ya duka hujulikana kama ni ya mkweli au ya mpiga debe. Wati zimetumiwa vibaya kwa miaka mingi. Radio za kaseti zilikuwa zikiuzwa zikiwa na mamia ya wati kwenye boksi, ingawa nguvu ya mfululizo ilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo. Namba kubwa huwa ni ya kilele, cha kitambo kidogo mno. Fundi mitambo wa kwaya anafahamu hivyo, na akiona "wati 1,000" bila maelezo hupunguza mwenyewe kichwani. Duka liandike wati za mfululizo, hata kama namba itaonekana ndogo kuliko ya jirani.

Omu nazo husahaulika. Amplifaya isiyoruhusu chini ya omu 4 hubeba spika mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba, maana kwa pamoja zinakuwa omu 4. Ikiongezwa ya tatu, zinashuka hadi karibu omu 2.7 na kifaa kinaelemewa. Karatasi ya kiwandani hulisema hilo kwa alama ndogo. Duka lenye sauti yake litaandika hivi:

"Inabeba spika mbili za omu 8. Usiongeze ya tatu."

Maneno tisa. Mweka hazina anayaelewa, fundi anayaheshimu, na ni maneno yale yale muuzaji anayotamka kaunta. Linganisha na "mtambo wa hali ya juu wenye ubora usio na kifani", ambao ungeweza kuwa hata mashine ya kusaga.

Baadhi ya wenye maduka wataona kuwa onyo kama hilo linafukuza wateja. Huenda likamfukuza mmoja aliyetaka spika tatu kwa amplifaya moja, na huyo ndiye angerudi na kifaa kilichoungua. Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo yanayompotosha mnunuzi. Maiki za bandia zenye jina la Shure, hasa za aina ya SM58, zinajulikana duniani kote. Muuzaji mwenye maiki ya bei nafuu ya jina lisilojulikana aiuze kwa jina hilo hilo, aseme inafaa mazoezi, na aiunganishe mteja aisikie.

Wimbo nao una mwenyewe. Kuweka mstari wa wimbo unaovuma kwenye bango au redioni huonekana njia rahisi ya kujifanya mwenzao wanamuziki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inataka ruhusa ya mwenye kazi. Duka linalochukua bila kuomba linamnyima haki mtu wa kundi lile lile linalolitegemea kwa mauzo.

Limebaki suala la mpaka. Upande wa pili ni Nakonde, Zambia, na Wanyamwanga wako pande zote mbili. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019. Kiswahili kinatosha kwa biashara nyingi hapa, lakini mpiga gitaa aliyekulia kwenye kalindula ya Zambia huenda asijue "chemko" la dansi ni nini, ila "sebene" atalitambua. Kwenye bei, iandikwe wazi kuwa ni shilingi, na tarehe iwekwe, kwani kiwango cha kubadilisha fedha hakisubiri karatasi ichakae. Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha Januari 2013, na karatasi yoyote ya bei iliyobandikwa ukutani tangu kabla ya hapo ishushwe leo.