Baba ni neno au namba? Jinsi Lisp inavyosoma namba za mfumo wa kumi na sita

Mwalimu anayesimamia kazi yangu ya mwisho wa masomo alinirudishia jedwali la wasemaji niliowahoji, akiwa amezungushia duara mstari mmoja. "Mzee wa miaka 112, hapa Keshero?" aliuliza. Mzee huyo ana miaka 70, na ndivyo nilivyoandika kwenye faili. Kosa lilitokea pale kompyuta iliposoma nilichoandika. Ninaeleza hapa jinsi lilivyotokea, kwa sababu linaweza kumpata yeyote anayehifadhi data ya lugha.

Programu yangu niliiandika kwa Common Lisp, mojawapo ya lugha za ukoo wa Lisp, ulioanzishwa na John McCarthy mwaka 1958 huko MIT, Marekani. Katika Lisp, programu na data huandikwa kwa umbo moja, yaani orodha ndani ya mabano. Maneno ya undugu, kwa mfano, niliyahifadhi hivi:

(baba mama dada kaka)

Sehemu inayopokea maandishi haya na kuyapa maana huitwa msomaji. Kwa kila kipande kilichotengwa kwa nafasi, msomaji huamua kama ni namba au ni jina. Kwa kawaida husoma kwa mfumo wa kumi: 70 ni sabini, na baba ni jina.

Tatizo langu lilianzia kwenye herufi. Wasemaji wa Keshero huchanganya Kiswahili na Lingala, na katika tahajia ya kitaaluma Lingala ina irabu ɛ na ɔ, ambazo hazipo kwenye kibodi yangu ya Kifaransa. Niliamua kuweka alama za muda, kisha programu izibadilishe kwa kufuata namba za Unicode. Majedwali ya Unicode hutoa namba hizo kwa mfumo wa kumi na sita, wenye tarakimu 0 hadi 9 na kisha A hadi F, ambapo A ni kumi na F ni kumi na tano. Herufi ɛ ni 025B, na ɔ ni 0254. Nilizinakili kama zilivyo.

Kwenye 025B programu ilisimama. Kwa kuwa B si tarakimu ya mfumo wa kumi, msomaji alikichukua kipande chote kuwa jina, na jina haliwezi kugeuzwa kuwa herufi. Kosa hilo lilijitangaza lenyewe. Lakini 0254 haina herufi ndani yake, basi msomaji aliisoma kama mia mbili hamsini na nne bila kulalamika. Thamani yake halisi ni 596, yaani 2×256 + 5×16 + 4. Namba 254 katika Unicode ni þ, herufi ya Kiaislandi. Neno la Lingala mɔkɔ, "moja", likatoka mþkþ.

Hapo nilifanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Common Lisp ina kigezo kiitwacho *read-base*, kinachomwambia msomaji atumie mfumo upi. Nilikiweka 16. Herufi zote zikatoka sawa, mɔkɔ ikarudi, nami nikafurahi.

Sikukumbuka kwamba agizo hilo linahusu faili zima. Umri wa wasemaji nao ukaanza kusomwa kwa kumi na sita: 70 ikawa 7×16, yaani 112. Kijana wa miaka 19 akawa na 25, na mama wa miaka 31 akawa na 49. Orodha ya undugu ndiyo ilinishangaza zaidi. Herufi za baba na dada zote zimo kati ya A na F, kwa hiyo msomaji aliona namba mbili halali. Orodha ilitoka hivi:

(47802 MAMA 56026 KAKA)

Mama na kaka waliokolewa na herufi m na k, ambazo si tarakimu za mfumo huo.

Dawa yenyewe ni fupi. Nilirudisha *read-base* kuwa 10, kisha nikaweka alama #x mbele ya kila namba ya Unicode: #x025B, #x0254. Alama hiyo humlazimisha msomaji atumie mfumo wa kumi na sita kwa kipande hicho peke yake, hata *read-base* ikiwa vingine. Maneno ya wasemaji niliyatia ndani ya alama za kunukuu, "baba", nayo hubaki maandishi katika mfumo wowote. Na programu inapohifadhi namba kwa mfumo wa kumi na sita, kigezo *print-radix* kikiwashwa huandika #x chenyewe.

Kwetu wanaisimu jambo hili si geni. Tangazo likisema tu "mkutano saa 2 asubuhi", mzoefu wa Kiswahili sanifu atafika huku saa ya Kifaransa ikionyesha huit heures. Asiyejua desturi hiyo atasoma tarakimu ileile na kuelewa saa nyingine, kwa sababu kanuni ya kuisoma imo kichwani mwa msemaji. Kinyume chake, quatre-vingts hutaja kizio chake waziwazi: ishirini mara nne. #x hufanya kazi kama vingts hiyo. Kigezo *read-base* ni kama desturi ya saa: asiyekuwepo wakati wa kuandika hana njia ya kuijua.

Nimerudia kusoma mafaili yote na kulinganisha kila umri na daftari langu la karatasi. Bila mzee wa miaka 70, mimi na mwalimu tungeupitisha uchambuzi mzima wa rika, kwa maana kijana wa miaka 25 na mama wa miaka 49 hawamshtui mtu. Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu ni hili: mnapohifadhi namba, andikeni mfumo wake papo hapo, kando ya namba yenyewe. Na daftari la karatasi msilitupe.