Kabla ya kutia sauti ya mtu kwenye biti, sikiliza albamu hii ya 1981

Vijana wengi wa Pwani siku hizi hutengeneza nyimbo nyumbani. Simu, kompyuta ya mkononi na programu ya bure vinatosha. Shida ni kwamba biti nyingi huchukuliwa mtandaoni, sehemu zilezile, hivyo kibao kipya cha Kisauni hufanana na cha Malindi, na vyote viwili hufanana na cha Lagos. Anayetaka njia nyingine atafaidika kwa kuisikiliza albamu moja ya zamani, My Life in the Bush of Ghosts. Ilitolewa mwaka 1981 na Mwingereza Brian Eno pamoja na David Byrne, mwimbaji wa bendi ya Talking Heads ya Marekani.

Jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba wawili hawa hawaimbi. Katika nyimbo nyingi, pale ambapo ungemtarajia mwimbaji, pana sauti iliyookotwa kwingine: mhubiri wa redioni, mtu aliyepiga simu studio kwa hasira, au Dunya Yunis, mwimbaji wa milimani Lebanon, ambaye sauti yake ilitolewa kwenye santuri.

Waliziwekaje sauti hizo? Kompyuta za kukata na kubandika sauti hazikuwapo studioni kama leo. Walitumia mashine mbili za kanda, moja ikiwa na muziki na ya pili ikiwa na sauti. Waliziwasha pamoja, wakasikiliza kama maneno yanaangukia mahali pake. Yakikosa, walirudisha kanda nyuma na kuanza tena. Leo kazi hiyo ni ya kidole kimoja kwenye simu, ila kilicholeta ladha ni ule usikilizaji wenyewe.

Kwa mtunzi, pana mafunzo matatu ya kuchukua.

La kwanza, maneno ya kawaida yana mahadhi ndani yake. Msikilize utingo wa matatu akiita abiria au muuza samaki akinadi bei. Sauti hupanda, hushuka, hurudia. Tafuta kwa kinanda au udi noti ambayo sauti hiyo huirudia kila mara, kisha jenga wimbo kuizunguka. Hapo hukuanza na biti wala na shairi, umeanza na mtu.

La pili, kurudia hugeuza maana. Kauli fupi ya mhubiri ikisikika mara moja ni mahubiri. Ikirudiwa mara nane juu ya ngoma, inakuwa kiitikio. Kwa hiyo usitafute maneno mengi. Tafuta kauli moja yenye uzito, uipe nafasi.

La tatu, ala si lazima inunuliwe. Eno na Byrne walipiga maboksi ya karatasi badala ya ngoma kubwa, na mikebe ya biskuti badala ya ngoma ndogo. Kwetu hili si geni. Bibi zetu walizipiga pembe kwenye vugo, na upatu umesindikiza arusi nyingi. Debe na sinia vya jikoni kwenu vina sauti ambayo hakuna mwengine mtandaoni aliye nayo.

Lakini albamu hii ina upande wa pili, na huo ndio unaotugusa zaidi watu wa Pwani. Toleo la kwanza lilikuwa na kibao kilichoweka kisomo cha Qur'ani cha Waislamu wa Algeria juu ya muziki. Baadaye Waislamu wa Uingereza walilalamika, na kibao hicho kikaondolewa. Toleo la mwaka 2006 halinacho. Hata kabla ya albamu kutoka, wasimamizi wa mali za mhubiri wa Marekani, Kathryn Kuhlman, walikataa sauti yake itumike. Ilibidi wimbo huo ufanywe upya kwa sauti nyengine, na albamu ikachelewa.

Ndipo mwaka 2006 wenyewe wakafanya jambo la kuigwa: walitoa vipande vyote vya nyimbo mbili kwenye mtandao, pamoja na leseni ya maandishi inayomruhusu yeyote kuvitengeneza upya. Anayechukua anajua amepewa nini.

Kwetu sisi, sauti zinazomvutia prodyuza ndizo hasa zenye wenyewe: bibi anayeimba vugo, mzee wa kaya anayeomba dua, wasomaji wa maulidi Lamu. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi na tamaduni za jamii, na msingi wake ni kwamba jamii iulizwe na ikubali kabla ya mali yake kutumiwa. Kwa hiyo kumrekodi bibi kwa siri arusini halafu kumuuza kwenye mtandao si ubunifu. Ni kuchukua cha mtu.

Utaratibu wake si mgumu. Mwambie mtu unamrekodi kwa ajili gani. Rudi umsikilizishe wimbo ukiisha. Andikeni jina lake na mgao wake iwapo wimbo utaleta pesa. Kama ni kisomo, adhana au dua, muulize kwanza anayejua, na akisema hapana, basi ni hapana. Kuuliza si ujinga, na mara nyingi bibi akiulizwa vizuri hukupa beti tatu ambazo hukujua kuwa zipo.

Mbinu za Eno na Byrne zichukueni, vijana wetu. Mtu aliyekupa sauti yake kwa ridhaa hatakuja kukudai kibao kikishapendwa, na huenda akawa wa kwanza kukipigia vigelegele.